Mgonjwa wa Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume kwa miaka thelathini na moja, na hakuna mgonjwa aliyewahi kumsikia akisema pole. Watu walipona upesi kwenye wodi yake ili waondoke. Alipostaafu, wenzake walimpa zawadi ya tangi la kioo lenye samaki mmoja mwekundu, mkia mrefu. Nadhani walimchagulia makusudi mgonjwa asiyeweza kulalamika.

Dada naye alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wiki mbili nyuma. Walimtoa uvimbe kwapani, kipande kikapelekwa maabara, akaambiwa arudi Jumatano saa nne kuchukua majibu. Dada si mtu wa kulialia. Kila asubuhi nilipokuja kumsaidia nilimkuta keshafagia, keshaosha vyombo, vyote kwa mkono mmoja. Ila jambo moja alinitamkia wazi: majibu yale hawezi kuyasikia bila mume wake. "Yeye anayajua maneno yao," aliniambia. "Akikaa pembeni yangu, hata yakiwa mabaya nitayaweza." Shemeji aliahidi kwenda naye. Aliahidi mbele yangu, mdomo umejaa chakula.

Basi Jumatatu asubuhi akaosha mfuniko wa tangi, akauanika uani, akaketi barazani na gazeti lake. Mtu aliyewatoa machozi wanafunzi wa uuguzi kwa kosa la kusahau kuinua vyuma vya kitanda, leo kaacha tangi wazi. Samaki akaruka. Aliyemsikia akipigapiga sakafuni nyuma ya kochi ni dada. Akainama hivyo hivyo na nyuzi zake za kwapani, akalowesha mikono, akamwokota kajaa vumbi na manyoya ya zulia, mkia umechanika, magamba ya ubavu mmoja yamebanduka, akamtia kwenye beseni la maji. Kisha akajishikiza ukutani kwa maumivu, jasho linamtoka. Shemeji alikuja mbio, akampita, akamulika beseni kwa tochi, ndipo akamgeukia mkewe. Nikadhani atamshika. Akamuuliza nani alimfundisha kumbeba mgonjwa namna ile.

Tangu saa ile sebule ikawa wodi. Beseni la dada la kufulia likapandishwa mezani, pazia likashushwa, redio ikazimwa, nasi tukaamriwa kutembea kwa ncha za vidole. Akatia chumvi kidogo majini, akaweka mpira wa kupulizia hewa majini, akafunika kwa wavu. Sasa ndiyo anafunika! Akapiga marufuku chakula kwa siku nzima. Ukutani akabandika karatasi ya mistari: saa, pumzi kwa dakika, hali ya mkia, sahihi. Asubuhi, mchana na jioni kulikuwa na makabidhiano ya zamu. Muuguzi anayetoka alitia sahihi, anayeingia naye akatia sahihi, na wote wawili walikuwa yeye. Jirani fundi cherehani alipokuja kumjulia hali dada, akaambiwa mlangoni kwamba muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Mwanamke wa watu akaduwaa, akarudi kwake na machungwa yake.

Kazi anaijua, simnyimi haki yake. Jumanne mchana samaki aliyekuwa akielea kwa ubavu akaanza kukaa sawa. Lakini nilimsikia shemeji kwa masikio yangu haya mawili, kaliinamia beseni, anasema polepole, "Pole mwanangu, jikaze." Nikamtafuta dada kwa macho. Alikuwa pembeni anajifunga bandeji mwenyewe, ncha moja kaing'ata kwa meno. Nilikwenda kumfunga mimi.

Jumatano dada alivaa mapema. Akakaa ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani, viatu vya kutokea miguuni. Ikagonga saa tatu, ikagonga na nusu. Shemeji yuko na fulana ya ndani, anachota maji kwa kikombe. Akasema bila kugeuka kwamba leo ndiyo siku ya hatari, mkiani kumeota utando mweupe, na yeye hajawahi kumwacha mgonjwa mahututi peke yake. Halafu akauliza, si mimi shemeji yake nipo, si nitamsindikiza?

"Mgonjwa gani?" dada akamuuliza.

Akamwonyesha beseni kwa kidole. Alidhani ameulizwa kweli.

Tukaenda wawili. Kwenye benchi la kusubiri dada alinikamata mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Daktari akasema maneno yake marefu, tukamwomba arudie, akarudia. Dada akamwomba arudie tena.

Tuliporudi mchana, shemeji alitupokea mlangoni macho yanang'aa, nusura anikumbatie mimi. "Amekula!" alisema. "Punje mbili, na hakutema." Akaanza kutupa habari za utando, za magamba, za pumzi kwa dakika. Dada alisimama na mkoba wake akasikiliza mpaka mwisho. Mimi lile beseni ningemvika kichwani. Alipomaliza, dada akaingia chumbani, akatoka na begi la nguo, akamwambia anakwenda kukaa kwangu mpaka nyuzi zitolewe. Hapo shemeji akashtuka.

"Sasa nani atanishikia wavu nikibadilisha maji?"

Leo ni siku ya tisa. Amepiga simu mara mbili. Ya kwanza kuuliza chumvi ya mawe inakaa kabati gani. Ya pili, jana, kumwarifu dada kwamba mgonjwa ameruhusiwa, karudi tangini, mkia unaota upya, anaogelea utadhani hajawahi kuanguka. Dada akampa hongera, tena ya dhati. Kisha akanyamaza, simu sikioni, akimwachia nafasi. Shemeji akaaga, akakata.

Uvimbe haukuwa na ubaya wowote, kama mlikuwa mnataka kujua. Yeye hajauliza.