Nyumba ya Mkubwa Wangu

Niliporudi Mwanza kutoka Ulaya, viwanda vya sangara vilikuwa vinafunguliwa kandokando ya ziwa na mafundi wa mitambo ya barafu walikuwa wa kutafuta. Mimi nilikuwa na stashahada ya kazi hiyo, niliyoisomea huku nikiosha vyombo vya watu, bila mjomba serikalini. Haukupita muda nikashusha bati, saruji na nondo nyumbani kwetu Ilemela. Nilitaka kujenga nyumba ambayo majirani walikuwa wameiona kwenye kalenda tu.

Baba mdogo, mdogo wa marehemu baba, akaja na wazee wawili. Wakaketi juu ya mifuko yangu ya saruji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mzungu wetu. Unajenga kabla ya mkubwa wako?"

Mkubwa wangu! Kaka alipelekwa vita vya Uganda nikiwa shule ya msingi. Vita vilipokwisha, wenzake walirudi wakiimba. Kwetu alikuja askari mmoja, akasema kaka hajulikani alipo, akanywa maji, akaondoka. Basi. Waliomchukua kwa lori walishindwa kumrudisha hata kwa neno moja la uhakika. Na wazee hawa, ambao miaka yote hiyo hawakumuuliza mama ameamkaje, leo wamekumbuka kwamba kwa mila yetu mdogo hajengi mbele ya kaka yake!

Dawa walikuja nayo: tuzike tunda la mvungunya badala ya mwili, tulie, tunyoe, yaishe. Ng'ombe wa matanga nitoe mimi, nani mwingine?

"Na akirudi?" mama aliuliza kutoka mlangoni.

"Shemeji, aliyekwisha kuzikwa hapokewi tena nyumbani. Huyo ni mzimu."

"Kwa hiyo nimfungie mlango mwanangu kwa mkono wangu."

"Sasa huyu tajiri wako alale wapi? Kwenye jokofu?"

Wakacheka. Mama hakucheka. Nimewasha mitambo iliyowashinda wenye digrii. Nishindwe na tunda?

"Baba mdogo, mila inataka mkubwa atangulie kuwa na nyumba, siyo?"

"Ndiyo."

"Inataka afyatue matofali mwenyewe?"

Akawageukia wazee. Mzee mmoja akakohoa, akasema, "Hapana. Ndugu hujengeana."

Nikamjengea kaka kwanza, kwa bati zile zile: vyumba viwili, madirisha ya vioo, sakafu ambayo baba mdogo hana hata barazani. Yangu ikafuata, na mpaka leo hakuna inayoifikia mtaani kwetu. Tunda likabaki mtini.

Ufunguo wa nyumba ya kaka anao mama. Ameweka kitanda, na hufungua madirisha upepo wa ziwa uingie. Siku mtu wa serikali akija kutueleza aliko kaka, nitampokea humo. Ila maji hatapewa mpaka amalize kusema.