Darasa la Wanaochechemea

Herieth alifika nusu saa mapema makusudi. Mwanamke wa miaka arobaini na sita hakabidhi mwili wake kwa mwalimu ambaye hajamchunguza. Miezi miwili nyuma, mchana kweupe, mwanamume alimkaba koo nyuma ya kiwanda cha sabuni cha Chang'ombe anakofanya kazi ya ukarani. Mkoba ulioporwa alikwisha kuusahau. Asichokisahau ni kwamba alifungua kinywa apige yowe, na sauti haikutoka. Ofisini wakamuuliza kwa nini hakupiga kelele, kana kwamba kosa lilikuwa lake. Tangu siku hiyo alikuwa akitafuta mtu wa kumfundisha asigande tena.

Sensei Ansbert, mwalimu wa karate wa Mbagala, alisifiwa kwa nidhamu. Herieth aliketi kwenye benchi ukumbini kwake, jua la saa nne likimulika sakafu, akawatazama wanafunzi wakiingia. Waliingia kimya, wapatao thelathini, na wote walichechemea mguu wa kushoto.

Alidhani ni darasa la wenye ulemavu. Kisha akaingia sensei mwenyewe, akiburuza goti lililovunjwa na pikipiki zamani. Mguu wa kushoto.

"Pole, mdogo wangu," Herieth alimnong'oneza msichana aliyefunga mkanda karibu naye, Eufrazia kwa jina. "Mguu umefanyaje?"

"Mguu gani, mama?"

"Huo unaouburuza."

Eufrazia aliutazama mguu wake, akatabasamu kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Mie sichechemei. Utazoea tu."

Mazoezi yakaanza. Nyayo zote zilitua kwa kishindo kimoja. Sensei alipokohoa, mstari wa mbele nao ukakohoa. Lakini hakuna aliyepiga ukelele, na Herieth alijua karate ina ukelele wake.

"Sauti ni ya mwenye hofu," Ansbert alimjibu alipouliza. "Hapa tunaiua kwanza. Njoo ujaribu, mama."

Akamzungushia mkono shingoni kutoka nyuma. Koo la Herieth likaziba, vilevile kama siku ile.

"Vizuri sana," sauti ikamwambia sikioni. "Tulia hivyohivyo. Una kipaji."

Nyuso thelathini zilimtazama bila kupepesa. Kilichomtisha zaidi ni kwamba sifa ile ilimwingia tamu, hata akatamani kutulia.

"Niachie," akasema. Ikatoka kama pumzi. Akarudia. Mara ya tatu sauti yake ikavuma ukumbi mzima: "Niachie!"

Mkono ukalegea. "Huyu hafai," Ansbert alisema, na vinywa vyote thelathini vikayatamka maneno hayo pamoja naye, bila sauti.

Herieth alitoka, akaenda moja kwa moja hadi Mtoni, kwa Elinaza, mwanadada aliyesikia kuwa anafundisha judo chini ya paa la bati. Kelele za pale zilisikika tangu barabarani. Mmoja alicheka, mwingine alimtania mwenzake kwamba anaanguka kama gunia la viazi.

"Shikamoo, mama!" Elinaza akamwamkia. "Umekuja kutazama au kutuangusha?"

"Marahaba. Nimekuja kuuliza. Ukinikaba nikasema basi?"

"Nakuachia."

"Na sauti ikikwama?"

Elinaza hakucheka. Alimpiga begani vibao viwili vyepesi. "Nigonge hivi, popote pale. Naachia papo hapo. Asiyeachia hafundishi hapa."

Herieth akavua viatu.