Fundi anayeficha kipanya kwenye kopo la biskuti

Saa mbili unusu asubuhi, fundi anaingia sebuleni, anasalimia, anavua viatu, kisha anafanya jambo ambalo mwenye nyumba hakulitarajia. Anachomoa kipanya cha kompyuta, anauviringisha waya wake vizuri, anakitia ndani ya kopo la biskuti na kulifunika.

"Sasa tunaweza kuongea," anasema.

Mwenye nyumba ni shangazi wa miaka sitini na mbili, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Analitazama kopo, anamtazama fundi.

"Nimekuita uitengeneze kompyuta. Mbona unaanza kwa kuipunguza?"

"Shangazi, kipanya kina haraka kuliko mwenye nacho. Nitakurudishia tukimaliza."

Mtaani fundi huyu wanamwita Mama Diski. Ana miaka arobaini na moja, mama wa watoto wawili, na kazi yake ni moja: anakwenda nyumba kwa nyumba kuzishughulikia kompyuta zinazokataa kucheza DVD. Begani hubeba mkoba wa turubai wenye tochi, pamba, kitambaa laini cha miwani, bisibisi tatu, na kifaa cha zamani cha kusomea diski ambacho amekipa jina la Babu.

"Anasoma polepole, lakini haruki mstari," anasema akikipangusa vumbi. "Hivi vipya vikikutana na mkwaruzo mmoja tu vinasusa."

Leo asubuhi kuna diski moja juu ya meza, ndogo kama kisahani cha kikombe. Karibu yake, kwenye kochi, amekaa binti wa miaka ishirini na mtoto wa wiki tatu kifuani. Binti huyo ni mtoto wa kaka yake shangazi, na ndiye aliyeitoa diski hiyo kabatini.

Mama yake mzazi alifariki binti akiwa na miezi kumi. Hana kumbukumbu yake hata moja. Picha zipo nne, na sauti hakuna. Watu wazima wa nyumba hii wanasema mama huyo alikuwa na wimbo wake wa kumwogeshea mtoto, aliutunga mwenyewe jikoni, na kwamba siku moja baba mdogo aliurekodi kwa kamera.

"Shangazi anaujua mstari wa kwanza tu," anasema binti. "Kila nikimwogesha huyu naimba mstari mmoja, mstari mmoja, mpaka maji yanapoa. Nataka nijue wimbo unaendaje."

Shangazi anajitetea. "Ningejua atatutoka mapema ningeusikiliza vizuri. Nilikuwa na shughuli zangu."

Kompyuta yao imekuwa ikitoa jibu lilelile: diski ni tupu. Fundi wa simu wa pale barabarani naye aliiangalia wiki iliyopita akasema haina kitu, akajitolea kuisafisha ili waitumie kwa mambo mengine. Shangazi alikuwa amekwisha kubali. Binti aliichukua diski mkononi mwa fundi yule akatoka nje bila kuaga.

"Alinitia aibu siku ile," anasema shangazi.

"Alikutia akili," anajibu Mama Diski, na wote wawili wanacheka.

Mama Diski hakuanza kama fundi. Kwa miaka kumi na minne alifagia na kupanga rafu katika duka la kuazimisha filamu. Kila diski iliyorudishwa ilipitia mikononi mwake. Alijifunza kuifuta kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, maana mkwaruzo wa mviringo ndio unaoipotezea mashine njia. Alijifunza pia kwamba wateja hawasemi kweli.

"Mtu anakuambia haikuanguka, na alama ya kiatu unaiona," anasema.

Simu zilipoanza kuonyesha filamu, duka lilifungwa. Mwenye duka akampa kifaa cha kusomea diski, ndiye huyu Babu, badala ya kwaheri. Mama Diski alijiandikisha darasa la kompyuta la jioni, mtoto wake wa pili akiwa mgongoni. Mwalimu akiuliza swali, mtoto ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu, kwa kilio.

"Nilisimama nyuma ya darasa mwaka mzima nikimbembeleza," anakumbuka. "Wenzangu walikuwa wanaiona kompyuta mbele yao. Mimi nilikuwa naziona zote kumi na mbili kwa pamoja. Nikawa najua nani amekosea wapi kabla ya mwalimu."

Zamani alipata nyumba thelathini kwa wiki. Siku hizi ni tisa, wiki nzuri kumi. Zinatosha kodi na karo, na mwezi mbaya anaongezea kwa kushona vitambaa vya makochi. Lakini hazungumzi kama mtu ambaye kazi yake inazama.

"Diski hazijafa. Zimelala kabatini. Na mtu hamwiti fundi kwa ajili ya filamu tena, filamu anaipata kwenye simu. Akiniita mimi, ujue kuna mtu wake ndani ya ile diski."

Katika nyumba kumi, anakadiria, saba shida ni ndogo. Uchafu kwenye diski, vumbi kwenye lenzi, au kompyuta haina programu inayoielewa DVD. Mteja mmoja alilalamika mwezi mzima kwamba picha ipo ila sauti hakuna, kumbe spika za masikioni zilikuwa zimechomekwa nyuma ya kompyuta na kuangukia chini ya meza, zinajiimbia peke yake huko. Mwingine alipaka dawa ya meno juu ya mkwaruzo, akaacha ikauke, kisha akaiingiza.

"Kompyuta ilinukia vizuri," anasema. "Ila haikusoma kitu."

Tatu zinazobaki ndizo zinazomfanya afiche kipanya.

Miaka minane iliyopita, mshona nguo mmoja alimletea diski ya mwanawe akiagwa kwenda kufanya kazi ng'ambo. Kijana huyo hakurudi tena. Alifariki huko huko. Mama Diski aliingiza diski, kompyuta ikasema ni tupu na kuuliza kama iiandae kwa matumizi. Siku hizo wateja walimfuata nyumbani, na wengine walikuwa mlangoni. Mkono wake ukabonyeza ndiyo.

"Zilipita sekunde nne. Niliposhtuka ilikuwa imekwisha kujifuta. Mzee hakunigombeza. Aliuliza tu, 'Kwa hiyo ndiyo basi?' Nikamwambia ndiyo, baba, ndiyo basi. Akanishukuru. Heri angenipiga kofi."

Tangu siku hiyo haingizi diski kwenye mashine kabla ya kuuliza historia yake: nani alirekodi, kwa mashine gani, na aliishia wapi. Na kipanya kinakaa koponi. Anatumia kibodi peke yake, kwa sababu kibodi, anavyosema, inamlazimisha mtu afikiri kabla ya kila kitufe.

Sebuleni, anaishika diski ndogo kwa ukingo, anawasha tochi na kumwita binti dirishani.

"Iinamishe hivi. Unaona nini?"

"Mng'aro."

"Tazama tena. Huku katikati pamekoza kidogo, kama kivuli. Halafu ukingoni panang'aa zaidi."

Binti anakodoa macho, mtoto akimlalia begani. "Naona. Kuna mstari kama pete."

"Basi. Huku kwenye kivuli kumeandikwa. Ukingoni hakujaandikwa. Hii diski haijawahi kuwa tupu hata siku moja."

Binti anakaa chini. Shangazi anavaa miwani, kisha anaivua tena.

"Kama haiko tupu, mbona kompyuta inasema iko tupu?"

"Hilo ndilo nataka tumuulize aliyeirekodi."

Baba mdogo, ambaye sasa ni mpiga rangi wa nyumba, anapigiwa simu na kuwekwa kwenye spika. Yuko juu ya ngazi, upepo unasikika.

"Baba mdogo, ulipomaliza kurekodi, uliifunga diski?" anauliza fundi. "Kwenye kamera, kuna mahali unachagua, inakaa dakika kadhaa inaandika orodha ya vilivyomo. Bila hiyo orodha mashine nyingine haioni kitu."

Shangazi anaitazama simu.

"Sikuifunga," anasema baba mdogo. "Dukani waliniambia ukishaifunga huwezi kuongeza kitu. Zilibaki dakika tisa. Mama yake akaniambia, shemeji, hizo usizimalize, mwekee mtoto siku atakayotembea. Nikaziacha." Upepo unavuma. "Halafu yeye akaugua. Mtoto alipotembea, mimi sikuwa na moyo wa kuishika ile kamera. Nikaja nikaiuza."

"Hukukosea, baba mdogo," anasema Mama Diski. "Uliacha mlango wazi tu. Tutaingilia hapo hapo."

Anamchomeka Babu kwenye kompyuta na kuiweka diski. Dirisha lilelile linajitokeza kwenye skrini: diski ni tupu, iandaliwe? Ndiyo, au hapana.

"Si inauliza kwa adabu tu," anasema shangazi, kidole kikielekea kwenye kibodi.

"Shangazi, mkono."

Shangazi anaukalia mkono wake. Kweli, anauweka chini ya paja na kuukalia.

Mama Diski anabonyeza kitufe cha kuondoka, kisha anafungua programu ndogo ambayo haiulizi orodha. Inasoma diski kutoka mwanzo, kipande kwa kipande, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi. Namba zinaanza kupanda. Asilimia tatu. Asilimia tano. Babu anakoroma.

Kwenye asilimia thelathini na moja anasimama.

Mtoto analia, ananyonyeshwa, anasinzia, na namba haijasogea. Fundi haigusi kompyuta. Amekunja mikono na kutega sikio kwenye mlio wa kifaa.

"Imekufa?" binti ananong'ona.

"Inarudia. Sikiliza. Inapiga, inarudi nyuma, inapiga tena. Ikikata tamaa mlio unabadilika. Haijakata tamaa, na mimi siitangulii."

Inapita dakika ya kumi na sita. Kisha asilimia thelathini na mbili. Thelathini na tano. Shangazi anatoa pumzi kwa sauti na kwenda kuchemsha chai.

Inapokaribia saa tano, Mama Diski anafungua faili. Picha imekatikakatika, vipande vya mraba vya kijani na kijivu. Lakini sauti inatoka safi. Kwanza maji yanamwagwa kwenye beseni. Halafu mwanamke.

"Shemeji, acha kunipiga picha, nina povu mpaka kwenye viwiko."

Binti anainamia skrini. Mkono wake umetulia juu ya kichwa cha mtoto.

"Anaongea haraka," anasema. "Anaongea haraka kama mimi."

"Wewe ndiye unaongea kama yeye," anasema shangazi. "Nimekugombeza miaka yote hiyo, ongea polepole, ongea polepole. Sikujua nilikuwa namgombeza nani."

Kwenye spika mtoto mchanga wa wakati ule anapiga chafya, mama anacheka, na wimbo unaanza:

*Nani kaja, nani kaja?*
*Kaja bila ya hodi,*
*kaja bila ya mzigo.*
*Nguo hana, jina hana,*
*na nyumba nzima ni yake.*

Shangazi amesimama mlangoni na sinia la vikombe. "Kumbe ndivyo unavyokwenda. Mimi nimekuwa nikiuimba kama wimbo wa gwaride."

Wanausikiliza mara ya pili, na ya tatu. Mara ya nne binti anaimba pamoja na mama yake, taratibu, akimtazama mwanawe. Mama Diski anaichukua simu ya binti na kurekodi. Dakika mbili zinatosha.

Picha itasafishwa kadiri inavyowezekana, anaeleza baadaye. Kwa leo anaandika diski tatu mpya: dakika ishirini na moja za mama, kisha dakika mbili za binti. Ya kwanza anaifunga. Ya pili anaifunga. Anapoingiza ya tatu, binti anamshika mkono.

"Hiyo usiifunge. Mtoto hajatembea."

Shangazi anashika kichwa. "Mnaanza tena ninyi."

Mama Diski anaonekana kupima jambo. Kazi yake yote inamwambia aifunge. Anachukua kalamu ya wino mzito, anaandika juu ya diski kwa herufi kubwa, USIBONYEZE NDIYO, na kuiacha wazi.

"Mbili zimefungwa, hazina neno. Hii moja tutabahatisha."

Anafungasha mkoba wake huku akizungumzia anachokitaka mbele. Anataka chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, vifaa vitatu kama Babu, na darasa la jioni la akina mama. Chumba amekwisha kukiona, karibu na mashine ya kusaga. Pembeni atatandika mkeka wa watoto, ili mwanafunzi asisimame nyuma ya darasa mwaka mzima.

"Wanafunzi ninao watano wameshasema watakuja. Kabati zilizojaa diski katika mtaa huu peke yake hatutazimaliza sisi sita. Ndiyo maana sina wasiwasi na kazi."

Anafungua kopo la biskuti na kumrudishia shangazi kipanya chake. Kisha anatoa daftari ambamo huandika siku za kurudi kwa wateja. Kurasa zote zina tarehe. Kwenye ukurasa wa leo anaandika: *Nyumba ya shangazi mwenye miwani. Diski moja iko wazi. Nirudi mtoto akianza kutembea.*

Shangazi anausoma juu ya bega lake. "Na akichelewa kutembea?"

"Diski haina haraka, shangazi," anasema Mama Diski akivaa viatu. "Na mimi nipo."