Moshi Kwenye Gemu

Alasiri moja nikiwa mtoto nilimfukuza mama yangu nje ili nipige roboti vizuri. Chumba chetu cha mtaa wa Huruma kilinukia makaa na sukuma wiki, na kwenye konsoli kuukuu ya gemu ya binamu yangu roboti zilichomoka ghafla ndani ya ukungu, zikaniua. Nikalia kwamba ni moshi wa jiko. Mama akalibeba jiko nje, akapika kwenye manyunyu, nami nikapangusa skrini kwa sweta. Ukungu haukutoka.

Juzi nilicheza gemu ileile kwenye konsoli mpya, mji wote wa mle ndani unaonekana. Kumbe mashine ya zamani ilishindwa kuchora vitu vya mbali, ikavifunika kwa ukungu! Nikamsimulia Mama Wafula, jirani yetu wa tangu enzi hizo, huku nikijicheka.

"Mama yako alijua si moshi, wewe. Alinyeshewa tu ndio unyamaze."