Kikwembe cha Tantine Nabintu pembeni mwa picha

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka, hata nikiwa kanisani, nacheka peke yangu mpaka watu wanageuka kunitazama. Weka simu chini kidogo nikusimulie, kabla sijakukabidhi hii kamera. Unaiona ilivyo ndogo? Siku ile ilikuwa karibu kunivua nguo mbele za watu.

Sikuwa na mvi hata moja wakati huo. Nilipanda na kushuka vilima vya Kadutu bila kuhema, na kila harusi waliniita mimi, Maman Foto. Kamera hii, unajua, ni ya dijitali lakini huchungulii kupitia lensi. Unatazama kupitia kidirisha cha pembeni, unazungusha pete mpaka vivuli viwili vya mtu vikutane viwe kimoja. Mimi nilikuwa nimeitia lensi pana kupita zote, ile inayomeza ukuta huu na ukuta ule. Na majivuno yangu, ee Mungu wangu! Kila nyumba nilisema: kwa hii familia nzima inaingia, hata aliyechelewa. Nawe unazijua parseli za huku kwetu, viwanja vilivyobanana. Ukirudi nyuma hatua mbili kutafuta picha, unajikuta juu ya bati la jirani. Kwa hiyo watu walinipenda kweli.

Basi, harusi ya Neema. Upande wa mke walichagua kikwembe kimoja, kitenge cha rangi ya maziwa na maua ya bluu, wanawake wote sare. Shangazi yake, Tantine Nabintu, alitoka Kalehe asubuhi ile ile, na kwa kuwa alifika mwisho alisimama pembeni kabisa, kushoto. Nikapiga. Wakashangilia.

Siku picha ilipotoka, ikawa vita. Wote wamevaa rangi ya maziwa, Tantine peke yake kikwembe chake ni cha zambarau! Na uso mwekundu juu yake, mpaka wengine wakasema alikuwa amekunywa. Kulia, shemeji mmoja shati lake jeupe lilikuwa limegeuka kijani, lakini nani anahangaika na shati la mwanaume? Mama ya Neema alinishika mkono. "Ona hii, Maman Foto! Siye wote tulivaa moja. Yeye alienda kutafuta ya bei kidogo, anatuletea haya mbele ya bakwe!"

Jumapili iliyofuata walikuwa wapande kwa wakwe kushukuru, na katika familia ile shangazi ndiye hutangulia na kikapu. Wakamtoa. Fikiria, mwanangu, mwanamke aliyembeba Neema mgongoni miaka mingapi, anatolewa kwa sababu ya picha.

Tantine akaja mbio na kikwembe chake, akakitandika mezani. Maua ya bluu, safi kabisa. Mdogo wa mama ya Neema akakunja mdomo: "Hiyo umeinunua leo mu soko."

Mimi nilikuwepo, nakunywa chai yao. Tantine akanigeukia, machozi yanamtoka. "Mutoto yangu, weye uliniangalia na macho yako. Nilivaa nini?"

Nilijua. Siku ya harusi nilimwona kwa macho yangu na maua yake ya bluu, kwa hiyo kamera ndiyo iliyokosea. Lakini ningesemaje, mimi na majivuno yangu yote? Nikajibu, "Sikumbuki vizuri, Tantine." Hata leo neno hilo linanichoma.

Nikatoka nikaenda kwa Muzee Bahati, aliyenifundisha kusafisha picha za filamu gizani kwenye studio yake karibu na soko. Nikamweleza yote, nikitaka anifariji. Akaivaa miwani yake, akaitazama picha muda mrefu, akaweka kidole pembeni.

"Na huu ukuta, binti? Ukuta nao ulivaa kikwembe ya bei kidogo?"

Aka! Kweli ukuta mweupe nyuma ya Tantine ulikuwa na zambarau ile ile. Nikainama.

"Mashini yako ilidanganya mara moja," akasema. "Weye uko unadanganya kila siku tangu ile picha itoke. Sasa uyionyeshe kitu nyeupe, tuone inasema nini."

Akachukua kifuniko cha plastiki cha mkebe wa maziwa ya unga, cheupe, chepesi, mwanga unapita. Nikarudisha tundu la mwanga la lensi, lile unalolipanua au kulibana, pale pale lilipokuwa siku ya harusi, nikabana kifuniko juu ya lensi, nikaelekeza angani, nikapiga. Ilitakiwa kutoka nyeupe tupu. Ikatoka kushoto zambarau, kulia kijani! Tulicheka, mwanangu, mpaka Muzee akashika mbavu. Kumbe lensi pana namna ile inakaa karibu mno na kile kioo cha ndani kinachopokea mwanga, basi mwanga wa pembeni unaingia umelala, na rangi zinachanganyikana. Nikaingiza picha ile nyeupe kwenye ordinatere, kompyuta yangu, nikaiambia programu: huu ndio uongo wako, uutoe kwenye picha ya harusi. Maua ya bluu yakarudi moja moja. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Jumapili asubuhi nikawakuta wamejipanga na vikapu, Tantine amekaa nyuma jikoni. Nikaziweka picha zote tatu mezani: ile ya zambarau, ile ya kifuniko, na ile iliyosahihishwa. Nikasema mbele ya wote: kamera ilikosa, na mimi nilijua nikanyamaza. Mama ya Neema akazitazama, akaenda jikoni mwenyewe, akarudi amemshika wifi yake mkono, akamtwika kikapu kichwani.

Tantine akanitazama juu mpaka chini. "Kumbe ni kamera njo ilikunywa!" Nyumba nzima ikalipuka vicheko, vigelegele vikasikika mpaka barabarani, na akatangulia anacheza na kikapu kichwani. Nilipotaka kuwapiga picha nyingine nikamwambia aje katikati. Akakataa. "Nitasimama pale pale. Leo uipige vizuri."

Sasa shika kamera, mwanangu. Mle mkobani kuna kifuniko, ni kile kile cha Muzee. Kila lensi pana utakayoitia, na kila utakapobadili tundu, piga kwanza nyeupe yako, uiweke. Ukisahau utairudia kesho, si kitu. Lakini mtu akikuuliza alivaa nini, na wewe unajua, jibu hapo hapo kabla chai haijapoa. Mungu akuongezee macho, akupe harusi nyingi na mikono isiyotetemeka, na kila anayesimama pembeni mbele yako arudi nyumbani na rangi yake.