Jaribu Tena Baadaye

Kiwanda cha kuchambua pamba nilikokuwa fundi kilifungwa katika ile miaka ya soko huria, nikajifundisha kompyuta kwa vitabu vya kuazima. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilipata kazi kwenye chumba cha intaneti mjini Mwanza. Kompyuta zetu zote zilitegemea laini moja ya simu, na mvua ikitoka ziwani laini hiyo ilikatika.

Kwa hiyo niliandika programu ya kukaa katikati, ambayo wenye kazi huiita proksi. Ukurasa ukitumwa na seva ya ng'ambo, ulipita kwanza kwenye programu hiyo, nayo iliubadilisha kabla mteja hajauona. Iliondoa picha ili maneno yafike haraka. Tena, seva ikijibu kwa Kiingereza kwamba kuna hitilafu, ya aina yoyote ile, programu ililitoa jibu hilo na kuweka langu la Kiswahili: "Samahani, ukurasa haujapatikana. Jaribu tena baadaye." Kwetu mgeni hafukuzwi mlangoni kwa neno moja la hapana. Huambiwa apite siku nyingine.

Siku moja alikuja mama mmoja, mkulima wa pamba kutoka upande wa pili wa kivuko cha Kigongo. Alikuwa na anwani ya ukurasa, imeandikwa kwenye kipande cha boksi la sabuni. Mwanawe alikwenda nchi za kusini kutafuta kazi, kisha akawa kimya. Jirani alikuwa amesikia kwamba hospitali moja ya huko imeweka kwenye intaneti picha ya kijana aliyeokotwa barabarani, hasemi, hana ndugu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumwona mtoto."

Ukurasa ulifika, maneno matupu. Nikaizuia programu isiondoe picha. Picha ikaanza kushuka kutoka juu, kidogo kidogo: ukuta, nywele, paji la uso. Mama akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Kabla ya macho kufika, laini ilikatika.

"Nywele hizo ni za mtu yeyote," alisema.

Alilala kwa dada yake Usagara, akarudi asubuhi. Safari hii tulipata lile jibu langu la samahani. Mama alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima. Aliyafuata maneno kwa kidole hadi mwisho.

"Haya. Baadaye saa ngapi?"

Nilikwenda kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma, iliyoendesha ile programu, kuangalia jibu la seva kabla halijabadilishwa. Lilisema ukurasa umeondolewa moja kwa moja. Tukapiga simu hospitali. Aliyepokea alisema kijana yule hayupo tena wodini, na yeye hajui kama alitoka akiwa hai.

Nilimweleza mama yote, polepole.

"Mashine imesema nijaribu baadaye," alinijibu. "Wewe ndiye unayesema hapana."

"Mama, maneno hayo niliyaandika mimi."

"Leo?"

"Hapana. Zamani."

"Sasa ulijuaje nitakuja kumtafuta nani?"

Mteja mmoja wa kila siku, aliyekuwa na duka la vipuri, aligeuka kwenye kiti chake. "Mama, hiyo kitu haina akili. Ni redio tu hiyo, redio yenye kioo!"

"Redio hutangaza misiba, baba. Hii imetangaza?"

Mwenye duka alirudi kwenye barua pepe zake.

Nyumbani kwake, mumewe alitaka waweke matanga, wamlie mtoto na kupumzika. Yeye alikataa. Hakuna aliyemtangaza, alisema, na huwezi kumlilia mtu ambaye bado unaambiwa umtafute. Akawa anakuja karibu kila mwezi. Alikaa, akasoma, akashukuru, akaondoka. Mara ya mwisho mumewe alipomsindikiza, alibaki nje, hakutaka kuingia.

Mwishowe nilibadilisha programu. Kwa ukurasa ulioondolewa, jibu likawa: "Ukurasa huu umeondolewa. Hautarudi." Nilichagua maneno hayo kwa muda mrefu, na sikupata mengine yaliyo ya kweli.

Mama alipokuja aliyasoma kwa kidole. Akayarudia. Nikasubiri alie.

"Leo mashine imeamka vibaya," alisema, akifunga kanga yake upya. "Nitapita siku nyingine."

Akakikunja kipande chake cha boksi, akawahi kivuko.