Binti Aliyeitwa Jasper

Enos Tuttle aliondoka Indiana kwenda vitani na vijana watatu wa jirani, akarudi peke yake, na mguu wa mti. Akalima mahindi, akaoa, na kila mtoto akampa jina la mmoja wa wale wenzake waliokufa. Wa kwanza Lemuel, wa pili Amos. Wa tatu akatoka msichana, na jina lililobaki lilikuwa Jasper.

Mkewe, Keziah, alikuja juu. "Enos, una wazimu? Jina la dume kwa binti?"

"Ndilo lililobaki," akasema, akaliandika kwenye Biblia ya nyumbani.

Shuleni walimcheka binti wa watu mpaka akamnunia baba yake miaka na miaka.

Kila Mei, makaburini, majina ya waliokufa vitani huitwa, na baada ya kila jina watu hukaa kimya. Mwaka aliotimiza kumi na sita, Jasper alichoshwa na kimya kile. Jina lake lilipoitwa, akajibu kwa hasira, "Nipo!"

Watu wote wakageuka. Mzee Enos akavua kofia.

"Umekawia, ndugu yangu," akamwambia. "Tulikungoja sana pale mtoni, siku ile ya vita."